Siku Tatu Katika Mji wa Lisbon

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii huambiwa mwenyeji, lakini mgeni naye yampasa kuitia moyoni. Mtu azuruye mji wa ugenini hutumia siku ya kwanza kushangaa, na siku ya pili kuonyeshwa yale ambayo wenyeji hupenda yaonekane. Siku ya tatu yafaa ashike jembe, yaani ayapime aliyoyaona, aulize yalikotoka, na atafute yale ambayo hakuonyeshwa. Asipofanya hivyo atarudi kwao na picha nyingi na maarifa haba. Katika insha hii nitasimulia siku tatu nilizokaa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, na kueleza jembe langu la siku ya tatu lilifukua nini.

Mimi ni mwalimu wa historia na Kiswahili katika shule ya sekondari pwani ya Kenya. Tangu nilipotoka chuo cha ualimu, kila mwaka nimesimama mbele ya darasa nikaandika ubaoni jina la Vasco da Gama na mwaka 1498. Wanafunzi wangu hulijua jina hilo kama mtu amjuavyo jirani wa zamani aliyehama na kuacha kesi nyuma yake. Wengi wao wameingia katika Ngome ya Yesu mjini Mombasa, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na baadhi yao wameigusa nguzo ya mawe iliyoko Malindi. Nilipopata bahati ya kuhudhuria mafunzo ya walimu huko Ulaya, na mafunzo yakaisha siku chache kabla ya safari ya kurudi, sikusita juu ya mahali pa kwenda. Nalitaka kuuona mlango waliotokea watu wale. Sisi twajua jinsi walivyofika. Nalitaka kuona jinsi walivyoondoka. Zaidi ya hayo nalitaka kujua kama katika mji wao pana mahali popote panapokumbuka kwamba walifika kwetu.

Lisbon ni mji wa vilima, na mapokeo ya wenyeji huvihesabu kuwa saba. Umelala kando ya mto Tejo, karibu na mahali ambapo mto huo huingia katika bahari ya Atlantiki. Hapo mto umepanuka hata mtu aliyezoea kivuko cha Likoni hukiona kivuko kile kuwa mfereji tu. Njia za mji hupanda na kushuka bila kupumzika, na baadhi yake ni ngazi hasa. Magari madogo ya reli, yaitwayo tramu, hukwea vilima kwa mlio wa chuma, yakipita karibu sana na milango ya watu. Mahali pa kupitia waendao kwa miguu pametandazwa vipande vya mawe meupe na meusi vilivyopangwa kwa mkono mpaka vikafanya sura za maua na mawimbi.

Kuta za nyumba nyingi zimevikwa vigae vya rangi viitwavyo azulejo. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, wala haliko peke yake. Mtaa mkongwe ulio chini ya ngome ya mji huitwa Alfama, na wataalamu husema jina hilo limetokana na neno la Kiarabu la chemchemi za maji ya moto, neno lililo jamaa ya neno letu hamamu. Waislamu waliutawala mji huu tangu karne ya 8 hadi mwaka 1147, mfalme Afonso Henriques alipouteka kwa msaada wa wapiganaji wa vita vya msalaba. Nilipotembea katika vichochoro vya Alfama, ambamo jirani aweza kumpa jirani chumvi kwa kunyosha mkono dirishani, nilikumbuka Mji wa Kale wa Mombasa. Sikutarajia kuuona ukoo huo mahali pale.

Ukoo mwingine niliuona mezani. Katika nyumba ya wageni nilimopanga, aliyetuandalia chakula cha asubuhi alikuwa mama mtu mzima, mzaliwa wa kaskazini ya Msumbiji, ambaye utotoni mwake alikimbizwa na wazazi wake upande wa Tanzania wakati wa vita vya ukombozi. Alinisikia nikizungumza kwa simu na watu wa nyumbani, akasimama na birika mkononi.

"Mwanangu, watoka wapi na Kiswahili hicho?"

"Shikamoo, mama. Natoka Kenya, upande wa pwani."

"Marahaba. Basi kaa meza hii, ipate jua. Wao nao huiita mesa, usifikiri ni yetu peke yetu."

Tangu hapo kila asubuhi tulihesabu maneno. Bendera, kasha, leso, foronya, mvinyo: yote yaliletwa pwani yetu na merikebu zilizoondoka katika mto ule, nasi tumeyatumia mpaka tumesahau kwamba ni mageni. Lakini neno lililonishughulisha kuliko yote ni gereza. Wataalamu wa lugha husema limetokana na neno la Kireno igreja, ambalo maana yake ni kanisa. Wareno walijenga kanisa ndani ya ngome yao ya Mombasa, na baadaye sana, tangu mwaka 1895 hadi 1958, ngome hiyo ilitumiwa kufungia wahalifu. "Utaliona neno hilo katika kila pembe ya mji huu," aliniambia mama yule akicheka. "Usikimbie. Hapa ni mahali pa kusalia." Nami nilicheka, lakini neno halikunitoka moyoni. Neno lililoondoka Lisbon likiwa na maana ya nyumba ya sala, kwetu lina maana ya nyumba ya kufungwa. Je, ni mangapi mengine yaliyoondoka hapa kwa sura moja na kufika kwetu kwa sura nyingine?

Alasiri ya siku ile nilishuka katika sehemu ya mji iitwayo Baixa, ambako njia zimenyoka kama mistari ya daftari. Unyofu huo una historia ya msiba. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba mwaka 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu walipokuwa wamejaa makanisani na mishumaa inawaka, ardhi ilitetemeka kwa nguvu kubwa. Baada ya tetemeko maji ya mto yalirudi nyuma, kisha yakaja kama ukuta, na moto ukauteketeza mji kwa siku kadhaa. Watu walikufa kwa makumi ya maelfu. Jumba la mfalme lililokuwa kando ya mto liliangamia, na pamoja nalo vitabu na karatasi nyingi za idara iliyosimamia biashara ya Bara Hindi. Waziri ambaye baadaye alipewa cheo cha Markizi wa Pombal aliujenga mji upya. Aliagiza nyumba zitiwe kiunzi cha mbao ndani ya kuta ili zistahimili mtikisiko, na inasemekana kwamba mfano wa kiunzi hicho ulijaribiwa kwa kuwaamuru askari wapige miguu kwa nguvu kuuzunguka.

Kanisa moja kubwa, la Carmo, halikuezekwa tena. Matao yake yamesimama wazi juu ya kilima kama mbavu, na mvua hunyesha mahali watu walipopiga magoti. Mbele ya kanisa hilo pana uwanja mdogo wenye miti. Katika kambi ya askari iliyo hapo, tarehe 25 Aprili mwaka 1974, waziri mkuu Marcelo Caetano alisalimu amri katika mapinduzi ya maofisa vijana wa jeshi waliochoka na vita vya Afrika. Siku ile watu waliweka maua mekundu katika midomo ya bunduki. Mwaka uliofuata, tarehe 25 Juni, Msumbiji ikawa huru. Nilikaa juu ya benchi nikafikiri: himaya iliyoanza kwa merikebu nne ilikuja kufia katika uwanja ambao mtu aweza kuuvuka kabla hajamaliza kula chungwa. Hivyo ndivyo siku ya kwanza ilivyopita.

Siku ya pili nilikwenda Belém, upande wa magharibi ya mji, mahali ambapo kila mgeni hupelekwa. Hapo ndipo Vasco da Gama alipoondokea tarehe 8 Julai mwaka 1497, akiwa na watu kama 170. Alifika Mombasa tarehe 7 Aprili mwaka 1498, akaondoka kwa kutoelewana na wenyeji, akafika Malindi siku chache baadaye. Mfalme wa Malindi alimpokea vyema na kumpa rubani wa kumvusha bahari mpaka Bara Hindi. Katika safari ile hawakurudi hata nusu ya watu. Wengi waliuawa na ugonjwa wa ufizi kuvuja damu, ambao hutokana na kukosa matunda na mboga. Merikebu moja ilichomwa moto na wenyewe karibu na pwani yetu, kwa kuwa mabaharia hawakutosha kuiendesha. Mwalimu yapasa aseme haya pia, maana si haki kuwaeleza wanafunzi ujeuri wa watu na kuwaficha mateso yao.

Kwa shukrani ya safari hiyo mfalme Manuel aliamuru ijengwe nyumba ya watawa ya Jerónimos. Kazi ilianza mwaka 1501, nayo ikaendelea kwa karibu miaka 100. Nimeona majengo mengi ya mawe, lakini sijaona mawe yaliyotii mkono wa mwanadamu kama yale. Nguzo zimechongwa kamba, mafundo, majani na wanyama, na dari ya kanisa imetandaa juu ya nguzo nyembamba kama matawi ya minazi yaliyokutana. Gharama yake ilitolewa katika ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki, kiasi cha sehemu moja katika 20. Tetemeko la mwaka 1755 halikuliangusha. Huwezi kusimama ndani yake usiseme kwamba ni zuri, wala sioni sababu ya kukataa kusema.

Karibu na mlango yapo makaburi mawili yanayotazamana. Moja ni la mshairi Luís de Camões, aliyetoa mwaka 1572 utenzi mkubwa wa Wareno, ambamo Mombasa na Malindi zimetajwa, na ambamo Vasco da Gama amsimulia mfalme wa Malindi historia yote ya Ureno. La pili ni la Vasco da Gama mwenyewe. Alikufa Cochin, Bara Hindi, mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa katika kanisa hili mwaka 1880. Sanamu yake ya mawe imelala chali, mikono imekutanishwa kifuani kama ya mtu asaliye. Wageni walikuwa wakipiga picha. Mimi nilisimama nikingoja moyo wangu useme kitu, uwe wa hasira au uwe wa heshima, nao haukusema. Nilimwona mzee wa mawe, basi. Kabla sijaondoka nilitambua sababu. Katika utenzi wa Camões, mfalme wa Malindi husikiliza, na mgeni husema. Kaburini pale hali ni hiyo hiyo: jiwe lasema, nami nimepewa kazi ya kusikiliza.

Nje, ukingoni mwa mto, limejengwa nguzo la ukumbusho lenye umbo la merikebu, kimo chake mita 52. Lilijengwa kwanza kwa muda tu mwaka 1940, kisha likajengwa upya kwa mawe na saruji mwaka 1960. Juu yake wamesimama watu 33, wafalme na mabaharia na mapadri na waandishi, wote wakitazama mbele. Chini ya nguzo umetandazwa uwanja wa marumaru wenye dira kubwa na ramani ya dunia. Uwanja huo ulikuwa zawadi ya serikali ya Afrika Kusini ya enzi zile, katika mwaka ule ule wa 1960 ambapo polisi wa serikali hiyo waliwaua watu 69 huko Sharpeville. Niliitafuta pwani ya Afrika ya Mashariki, nikaipata, nikasimama juu yake. Ilinitosha nyayo mbili. Kisha niliinua macho nikawahesabu wale 33. Wote ni watu wa kuondoka. Hapana hata mmoja aliyewapokea. Rubani aliyetolewa Malindi, ambaye bila yeye safari ingalikuwa ngumu mara nyingi zaidi, hayumo.

Kando ya mto huo huo upo mnara wa Belém, uliojengwa majini tangu mwaka 1514 au karibu na hapo ili kuulinda mji. Chini ya kibanda kimojawapo cha walinzi kimechongwa kichwa cha kifaru. Kifaru huyo hakuwa wa Afrika. Alitolewa na sultani wa Gujarat, akafika Lisbon mwaka 1515, na watu wakamshangaa kwa kuwa Ulaya haikuwa imeona mnyama kama yule tangu zama za Warumi. Kisha alitiwa merikebuni apelekwe zawadi kwa Papa, akazama baharini mwaka uliofuata. Mvua na chumvi zimemla sura, lakini bado yupo. Niliondoka Belém na wazo chungu kidogo: kifaru alichongwa, rubani hakuchongwa.

Siku ya tatu nilishika jembe. Nilikwenda katika jumba la makumbusho ya sanaa ya kale, lililoko katika njia iitwayo Janelas Verdes, yaani Madirisha ya Kijani. Nilikuwa nimesoma kwamba ndani yake mna kitu kitokacho Kilwa. Kabla sijakifikia nilipita mbele ya mapazia ya kukunjwa yaliyochorwa na Wajapani katika miaka ya mwisho ya karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17. Picha zake ni za Wareno wakishuka merikebuni. Pua zao ni ndefu, suruali zao zimevimba kama mifuko ya pamba, na watu wa Japani wametoka milangoni kuwatazama. Kwa mara ya kwanza tangu nilipofika Lisbon nilimwona Mreno akifika. Niliweza kumwona hivyo kwa kuwa aliyeshika kalamu alikuwa mwenyeji.

Kisha nikakiona nilichokifuata. Ni chombo cha kanisa kiitwacho monstransi, ambacho Wakatoliki hutumia kuwaonyeshea waumini mkate mtakatifu. Kimetengenezwa kwa dhahabu na kutiwa nakshi za rangi. Katikati mitume 12 wadogo wamepiga magoti, kila mmoja na uso wake, na juu yao zimeinuka nguzo nyembamba kama za kanisa kubwa lililopunguzwa likawa la kubebwa mikononi. Aliyekifua ni Gil Vicente, nacho kilimalizika mwaka 1506. Kitakoni pamezungushwa maandishi ya kusema kwamba mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa. Jina lenyewe limo. Baada ya siku mbili za mawe yaliyosema juu ya kuondoka tu, nilisoma kwa dhahabu jina la mahali walipofika.

Habari ya dhahabu hiyo ni hii. Mwaka 1502, katika safari yake ya pili, Vasco da Gama alifika Kilwa na merikebu nyingi zenye mizinga. Alimtisha Amiri Ibrahimu kwamba asipokubali kuwa chini ya mfalme wa Ureno na kutoa kodi kila mwaka, mji utachomwa. Amiri alitoa. Dhahabu ilifikishwa Lisbon mwaka 1503. Wala haikuwa imechimbwa Kilwa: ilitoka katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikapita Sofala, na Kilwa ilikuwa imetajirika kwa miaka mingi kwa kuitoza ushuru. Kwa hiyo aliyetozwa naye alikuwa mtozaji. Nayaandika haya kwa sababu historia inayompendelea mtu wetu ni ugonjwa ule ule wa nguzo la Belém, ila umehamia pwani nyingine.

Nilipokuwa nimesimama pale, waliingia watoto wa shule kiasi cha 20, wenye umri wa miaka 10 hivi, pamoja na mwalimu wao. Alikuwa mwanamke wa rika langu, mwenye ile sauti ya uchovu na upole ambayo mwalimu huitambua kwa mwalimu mwenzake katika nchi yoyote. Aliwaeleza kwa Kireno, nami nikashika neno moja tu: Quíloa. Nadhani aliniona nikishtuka, maana alinigeukia, akaniuliza kwa Kiingereza ninatoka wapi. Nilimwambia natoka pwani ile ile ya Kilwa, upande wa kaskazini, nami ni mwalimu. Akawaambia watoto, kisha akaniomba niwaeleze Kilwa ni mahali gani, naye atafsiri.

Msomaji, nimefundisha historia miaka mingi, lakini sijapata kuona somo la dakika tano likiwa zito kama lile. Ningeweza kuwapiga watoto wale kwa jina la babu yao. Ningeweza pia kuwafurahisha kwa kuusifu ufundi, nikaenda zangu. Niliwaambia kwamba Kilwa ni kisiwa kusini ya Tanzania. Kwamba una msikiti mkubwa wa mawe wenye kuba ambao magofu yake yangalipo. Kwamba watawala wake walipiga sarafu zao wenyewe. Na kwamba msafiri Ibn Battuta aliuzuru mwaka 1331 akausifu kuwa katika miji mizuri. Niliwaambia kwamba dhahabu hii ililipwa kwa sababu ya kitisho cha mizinga.

Mtoto mmoja aliinua mkono. Mwalimu wake alimsikiliza, akanitafsiria: "Anauliza, watu wa Kilwa walipata nini badala yake?"

Nilijibu kwamba waliahidiwa kuwa mji wao hautachomwa, na kwamba ahadi hiyo ilidumu miaka mitatu. Mwezi wa Julai mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka Kilwa na kuupora, na mwezi uliofuata akauchoma mji wa Mombasa. Chombo hiki kilipomalizika mwaka 1506, mji uliokilipia ulikuwa umekwisha kutekwa.

Mwalimu yule alinyamaza kidogo kabla ya kutafsiri. Sijui Kireno, lakini najua alitafsiri yote, kwa kuwa nyuso za watoto zilibadilika, na yule aliyeuliza alisogea karibu na kioo akaitazama dhahabu upya. Hakutoa neno. Mwalimu alinishukuru, akawapanga watoto wake wawili wawili, wakaenda zao. Naliona kwamba kazi yake katika mji ule ni ngumu kuliko yangu. Mimi huwafundisha watoto walioonewa jinsi wakubwa wao walivyoonewa. Yeye yampasa kuwafundisha watoto wawapendao wakubwa wao jinsi wakubwa hao walivyoonea watu. Nalimheshimu.

Sasa naja kwa maneno ninayotaka kuwaachia vijana wasomao insha hii. Wengine watasema: mambo haya yalipita zamani, yafaa nini kuyafukua? Najibu kwamba hatukufukua ili tulipize kisasi. Twafukua ili tujue kusoma. Kila kitu kizuri kina pande mbili, upande wa mkono uliokifanya na upande wa mkono uliokitoa. Mji wa Lisbon hukuonyesha upande wa kwanza kwa fahari, na una haki ya kufanya hivyo, maana ufundi wake ni wa kweli. Upande wa pili wapasa kuinama, kwa kuwa huandikwa kitakoni, kwa herufi ndogo.

Tena msidhani kwamba sisi hatukuandika. Watu wa Kilwa waliandika tarikhi ya mji wao kwa Kiarabu katika karne ile ile ya 16, wakaeleza nasaba ya masultani na kufika kwa Wareno. Mwandishi wa Kireno João de Barros alipata habari za aina hiyo, akazitia katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1552. Na nakala ya Kiarabu, iliyonakiliwa katika karne ya 19, imehifadhiwa London. Tarikhi hiyo ni fupi, na sehemu yake imepotea, lakini kwa sababu yake leo Kilwa haisikiki kwa kinywa cha mgeni tu. Rubani wa Malindi hakupata mtu wa kumwandika. Kwa hiyo mpaka leo wataalamu hubishana hata juu ya jina lake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mji ulioandika na mtu ambaye hakuandikwa.

Basi si lazima mtu aende Ulaya ndipo ashike jembe. Katika kila kijiji cha Kenya yupo mzee ajuaye nani alichimba kisima, nani alijenga daraja na kwa malipo gani, shamba la nani lilichukuliwa ili reli ipite. Nendeni kwao mkiwa na daftari. Andikeni majina, miaka na mahali, msizidishe na msipunguze, hata pale habari itakapowaaibisha jamaa zenu wenyewe. Mtoto wa nchi ya mbali aweza kuuliza siku moja, kwa nia njema, watu wenu walipata nini. Na mwenye kumjibu lazima awe na la kumwambia.